Mwenye Sauti Nzito Ajitokeze

Jamleck Mburu alikuwa hasamehi na hasahau, na katika hayo mawili kutosahau ndiko kulikomchosha zaidi. Kibanda chake cha kutengeneza redio kilikuwa pembeni mwa kiwanja kilicho chini ya Mountain View, upande wa Kangemi, na humo, juu ya rafu ya spika zilizotobolewa na panya, aliweka daftari la ahadi. Choo cha umma, 1992: hakikujengwa. Tangi la maji, 1995: lililetwa, likapigwa picha, likarudishwa lilikotoka. Taa ya barabarani, 1997: nguzo ipo. Watu walikuja kutengenezewa redio, wakaondoka na redio ile ile mbovu na historia kamili ya wilaya.

Ahadi iliyo kubwa kuliko zote hakuiandika. Aliinasa. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka 2001, Diwani Kiarie alipopanda juu ya meza aliyoazimwa na Wanjugu, mama wa chapati na maharagwe, akaapa mbele ya kiwanja kizima. Jamleck alikuwa na mashine ya DAT, ile iliyonasa sauti kidijitali kwenye tepu ndogo kama kiberiti, aliyouziwa na mtayarishaji mmoja wa vipindi aliyekuwa akihama nchi. Aliinyanyua juu kwa mikono miwili kama mtu anayeombea mvua. Na Kiarie, kwa kasi yake ile ya kufukuzwa na nyuki, alisema:

"Kiwanja hiki ni cha watoto. Siku kitakapoguswa hata na jembe moja, watoto waje wachezee uani kwangu, asubuhi mpaka jua lizame, na lango nitawafungulia mimi mwenyewe kwa mkono huu."

Watu walishangilia mkono. Walitazama mkono kana kwamba hawajawahi kuona mkono.

Mwaka 2004 mabati yakazungushwa kiwanja kizima, likasimamishwa bango la ghorofa tano za maduka, lililochorwa miti ambayo haipo na watu weupe wanaotembea na mbwa. Watu wa Kiarie walikuja na kifuta machozi: mipira kumi na miwili, na kiwanja kingine kule Kinoo, penye mteremko ambao mpira ukipigwa kwa nguvu unaokotwa mjini Kikuyu. Wazee wengine walikuwa tayari kupokea. Jamleck ndiye aliyesimama akawaambia wasipokee kitu, kwa sababu sauti ya mtu anayo, na sauti haina pa kukimbilia. Wakamwamini. Mipira ikarudishwa, yote kumi na miwili, na mmoja ulikuwa umeshatoboka.

Kwa hiyo kesi ilipofika mbele ya Jopo la Viwanja na Malalamiko, mwaka 2006, kilichokuwa mezani hakikuwa kiwanja tu. Kama tepu ingeshindwa, Jamleck angekuwa yule mzee aliyewanyima watoto mipira kumi na miwili kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, na angelazimika kuishi pembeni mwa hilo kila siku, akiwatengenezea redio.

Jopo lilikaa katikati ya mji, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa haijawahi kuvuka ya tatu. Masharti yake yalibandikwa mlangoni. Ushahidi wa sauti upokelewe kwa CD tu, nakala tatu. Vikao ni vitatu na havizidi. Kikao cha tatu kikiisha na ahadi haijapata mwenyewe, faili litafungwa na ujenzi utaendelea. Mwenyekiti alikuwa Bwana Were, mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu mpole ambaye maisha yake yote alikuwa amewakamata wachuuzi wenye mawe ya kupimia yasiyotimia. Aliamini kwamba kila kitu duniani kina uzito wake na kila uzito una mwenyewe. Karani wake, Peres, alikuwa na daftari lenye safu mbili: kilichosemwa, na mdomo uliosema. Safu ya pili ilikuwa hairuhusiwi kubaki tupu.

CD ilitengenezwa kwa Munir Abdulfatah, mtu wa Mombasa aliyekuwa na chumba karibu na River Road, juu ya duka la mabegi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha kaseti za zamani, mawaidha na harusi za taarabu, kuziingiza kwenye kompyuta na kuzitoa kwa CD. Alikuwa fundi mwenye subira. Mashine ya Jamleck, hata hivyo, haikuwa nayo. Ilicheza tepu mara moja tu, waya wa dijitali ukaipeleka sauti kwenye kompyuta, kisha ikaitema tepu ikiwa imejikunja kama tambi. Tangu siku hiyo ahadi ya Kiarie iliishi mahali pamoja tu ulimwenguni, ndani ya kompyuta ya Munir, kati ya bibi harusi wa mwaka 1988 na darsa la kufunga.

Munir alichoma nakala tatu, akazitia bahasha. Hakuwahi kumsikia Kiarie. Alidhani madiwani wote wana sauti kama ile.

Kikao cha kwanza, Jamleck alivaa koti. Wanjugu alikuja na akina mama saba. Peres alitia CD kwenye mashine, akabonyeza, na katika chumba kile ikapanda sauti kutoka chini ya ardhi. Kiwanjaa hikii. Ni chaa watotoo. Kila neno lilikuja likijikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Hata makofi ya watu yalikuwa mazito, kama watu wanaopigana na magodoro. Haikuwa tofauti ya kutisha. Ilikuwa tofauti ya kutosha.

Wanjugu aliinama akamnong'oneza Jamleck, "Kwani ulirekodi nani? Hiyo ni ng'ombe imelala."

Kiarie aliinuka akiwa ametulia kabisa. "Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mimi wananijua. Mimi naongea mbio. Nikiomba chumvi mezani, kabla hawajasikia nimeshamaliza kula. Huyu bwana wa CD ni nani, mimi sijui, lakini namtakia afya njema."

Bwana Were alitafakari, akaona kwamba ni kweli. Alizisikia sauti mbili kwa masikio yake mwenyewe, moja nyepesi, moja nzito, na mizani haidanganyi. Akaagiza iandikwe kwamba ahadi ipo, haina shaka, ila imetolewa na mtu mwingine. Peres akaandika: Mzungumzaji A, mwanamume, mzito, wa polepole. Anatafutwa.

Jamleck alizitelemka ghorofa nne kwa hasira za mwaka 1992 na 1995 na 1997 zikiwa zimeungana. Alipofika kwa Munir hakusalimia.

"Munir, hii kitu umeifanyia nini? Hiyo si Kiarie. Hiyo ni kaburi inaongea."

Munir alisikiza. Aliinamisha kichwa, akavua miwani, akavaa. Akasema kwamba kwa kweli mtu yule anakwenda taratibu, naye alidhani ni busara. Kisha akafanya kosa ambalo fundi yeyote mwenye moyo mzuri angelifanya: akatibu dalili. Katika programu yake, ambayo wapiga vinanda wa kanisani waliitumia kulinganisha ngoma na nyimbo, kulikuwa na chombo cha kubadilisha mwendo. Ukiiambia mapigo ni mangapi kwa dakika, inakivuta kila kitu kilingane nayo, bila kugusa uzito wa sauti. Swali likawa, je, Kiarie anazungumza mapigo mangapi? Jamleck, ambaye hakuna alichosahau, alipiga makofi kwa kumbukumbu, akimsemea diwani moyoni, na Munir akahesabu kwa saa ya mkononi. Walifanya hivyo mara tisa. Mwenye duka la mabegi alipanda kuuliza kama kuna ngoma.

Kikao cha pili, CD ya pili. Mwendo sasa ulikuwa wa Kiarie mtupu. Ila sauti ilikuwa bado ya yule wa ardhini, na juu ya hayo ilikuwa ikitetemeka, kama mtu anayehutubia akiwa ndani ya mtungi, ana haraka ya kutoka. Bwana Were aliomba ichezwe mara mbili. Alimtazama Jamleck kwa huruma.

"Sasa wako wawili," alisema.

Jamleck alijaribu kueleza kwamba ni mtu mmoja, kwamba ni kompyuta, kwamba fundi alivuta mwendo. Alieleza vizuri. Tatizo ni kwamba kila alichokieleza kilisikika kama kukiri kuwa amekuwa akizitengeneza sauti, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo Peres alivyozidi kuandika. Mzungumzaji B, mwanamume, mzito, wa haraka, huenda ana homa. Kiarie naye alisema kwa upole kwamba hataki kuingilia kazi ya jopo, ila angependa kujua jeshi hili la watu waliokuwa wakiahidi kwa niaba yake lilikuwa na watu wangapi.

Jopo likatoa tangazo. Lilibandikwa mlangoni, likapelekwa makanisani na kwenye baraza za machifu, tangu mjini mpaka Kinoo: mwenye sauti nzito aliyehutubia watu katika kiwanja kilichotajwa, Novemba 2001, ajitokeze kabla ya kikao cha tatu. Chai na mkate vitatolewa.

Walijitokeza ishirini na watatu. Jamleck alikwenda kuwaona kwa macho yake, kwa sababu asingeamini akisimuliwa. Ukumbi wa ghorofa ya nne ulijaa wanaume vifua vipana: waimbaji wa besi kutoka kwaya tano, walinzi wa benki, mwuza mitumba aliyepoteza sauti nyembamba kwa kupiga kelele, mchungaji mmoja wa Westlands aliyesema amekuja kwa sababu Bwana amemwonyesha, hakufafanua amemwonyesha nini. Waliketi kwenye mabenchi wakikohoa kwa zamu, kila mmoja akikohoa chini zaidi ya mwenzake. Waliitwa mmoja mmoja wasome ahadi kutoka kwenye karatasi. Bwana Were alikuwa ameshika saa ya kupimia. Peres alikuwa akitia alama, uzito upande mmoja, mwendo upande mwingine. Mchungaji aliongeza maneno yake mwenyewe, akaondolewa.

Aliyefika mwisho akashinda wote. Alikuwa mwanamume mrefu wa kutoka Ukambani, mnyenyekevu, kofia mkononi, jina lake Nzioka. Alifungua kinywa na vioo vya dirisha vikajibu. Alisoma polepole, si kwa kujipendekeza, bali kwa sababu maneno yake yalikuwa mazito na yalihitaji kubebwa. Hata Jamleck, aliyesimama mlangoni, aliisikia ile CD ya kwanza ikitoka kwenye mwili wa mtu. Nzioka aliulizwa kama anayatambua maneno yale. Akajibu, "Ndiyo," na chombo cha maji mezani kikatetemeka. Akaambiwa arudi kikao cha tatu aape.

Jamleck alimtambua. Mwaka 1999 alimtengenezea redio ya mawimbi mafupi, swichi na spika, na alijua redio ile ilitoka wapi na ilirudi wapi. Akaiweka habari hiyo anakoziweka habari zote. Wakati huo hakuona ina faida gani.

Siku nne kabla ya kikao cha tatu alirudi kwa Munir, safari hii bila hasira, jambo lililomtia Munir wasiwasi. Aliketi juu ya sanduku la kaseti akaomba wasikize tena kitu cha kwanza kabisa, kabla hakijavutwa. Alitaka tu kuwa chumba kimoja na ushahidi wake kabla haujafa. Munir akakicheza. Ahadi ikajikokota mpaka mwisho, makofi ya magodoro yakapigwa, na Munir, mtu wa adabu, hakukikata. Akakiacha kiendelee, kelele za watu wakitawanyika, mtoto analia kama trekta, na kwa mbali redio ya kibanda cha Wanjugu. Redio ikapiga milio ya saa saba, ile sita inayotangulia habari.

Munir akainua kidole.

"Hebu ngoja, mzee wangu. Sikiza."

Akarudisha. Milio sita. Akarudisha tena. Kila siku ya maisha yake Munir alirekebisha saa ya ukutani kwa milio ile ya redio ya taifa, kwa ajili ya swala, na masikio yake yaliijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao gizani. Hii ilikuwa na ngazi zilizo mbali mbali.

"Diwani huenda akawa mzito," alisema. "Mtoto huenda akawa mzito. Lakini saa ya taifa haiwezi kuchelewa kwa sababu ya diwani."

Akaifungua sauti kwenye kioo cha kompyuta, ikaonekana kama safu ya vilima, akavuta alama kutoka kilima cha kwanza cha mlio mpaka cha mwisho. Toka mlio wa kwanza mpaka wa sita ni lazima ziwe sekunde tano, wala si zaidi, kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa mpagani. Kompyuta ilisema sekunde tano na sehemu arobaini na nne za mia. Munir akachukua kikokotoo. Kompyuta yake ilikuwa imeandika kwenye faili kwamba kila sekunde ina vipande vya sauti arobaini na nne elfu na mia moja, kama CD zote. Akaizidisha idadi ile kwa zile tano na arobaini na nne, akaigawa kwa tano. Ikabaki kumi na tisa tu kutimia elfu arobaini na nane. Akakiweka kikokotoo chini taratibu, kama kitu kilichojaa.

"Laa ilaha," alisema. "Ni mimi."

Alieleza, na Jamleck, aliyejifundisha kila anachokijua kwa kufungua vitu vilivyofungwa, alielewa kabla hajamaliza. Mashine ile ya DAT iliikata sauti vipande elfu arobaini na nane kila sekunde. Vipande vyote viliingia kwenye kompyuta salama, hakuna kilichopotea, lakini kompyuta ilikuwa imezoea CD, ikaviandikia lebo ya arobaini na nne elfu na mia moja. Sasa inavila polepole. Mtu aliyepewa vipande arobaini na nane vya nyama vya siku moja akala arobaini na vinne hajaongezewa nyama, ni siku tu ndiyo imerefushwa. Na siku ikirefuka, sauti inashuka, mwendo unalegea, mtoto anakuwa trekta. Mwendo na uzito vilikuwa ugonjwa mmoja. Munir alikuwa ametibu nusu yake, ndiyo maana mgonjwa alizaliwa mara ya pili na homa.

"Sasa tunaibadilisha?" Jamleck aliuliza.

"Hapana haja ya kubadilisha kitu. Tunaiambia ukweli tu."

Akafungua kidirisha kidogo, akafuta ile idadi ya uwongo, akaandika 48,000. Akacheza. Na Kiarie akaingia chumbani, mwembamba, wa mbio, mjanja, kila neno likikanyaga kisigino cha lililotangulia, mkono wake ukisikika hewani. Wanjugu akicheka. Jamleck mwenyewe akikohoa, miaka mitano kijana zaidi. Mtoto alikuwa mtoto. Milio sita, sekunde tano kamili. Jamleck aligeuka akatazama nje, kwenye ukuta wa jengo la pili ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa.

Kikao cha tatu alikwenda na CD ya kweli mfukoni, Munir pembeni yake na kikokotoo. Hotuba alikuwa nayo. Alikuwa ameitunga miaka mitano, ilianza na choo na ilimalizia na mtu kuaibishwa.

Lakini Nzioka aliitwa kwanza. Aliweka mkono juu ya Biblia, akaapa, vioo vikajibu. Akaulizwa kama sauti iliyo kwenye CD ya kwanza ni yake. Akasema ni yake. Na ya pili? Akatazama upande aliokaa Kiarie, akasema hiyo pia ni yake, siku aliyokuwa na mafua. Kiarie alikuwa akitazama dari kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri. Peres alifunga safu ya pili kwa furaha ya karani. Bwana Were akageuka akamuuliza mlalamikaji kama ana pingamizi kabla hajaandika uamuzi.

Jamleck alisimama. Mkono ulikuwa mfukoni, kidole kwenye tundu la CD. Aliona vizuri kitakachofuata. Angeitoa, angekuwa na CD ya tatu, mtu wa tatu. Kiarie angesema na huyu naye simjui, jeshi linakua. Peres angefungua ukurasa mpya, na hakukuwa na kikao cha nne. Ukweli aliokuwa nao ulikuwa mzima kabisa, na katika chumba hiki ukweli mzima ulikuwa ndio hatari. Jambo lililomtoa jasho ni kwamba, kwa mara ya kwanza maishani, alilazimika kukinyamazia kitu alichokuwa na hakika nacho.

Akasema hana pingamizi. Wanjugu alimtazama kama mtu aliyemeza ufunguo.

"Naomba tu mambo mawili, mwenyekiti. Ahadi isomwe yote, mpaka mwisho. Halafu huyu bwana aulizwe anakaa wapi."

Ombi lilikuwa la haki. Peres akasoma, mpaka kwenye ua, mpaka jua lizame, mpaka kwenye lango na mkono. Kiarie akaacha kutazama dari. Bwana Were akamuuliza Nzioka anwani yake. Nzioka, aliyekuwa amefundishwa kujibu ndiyo na mambo ya CD, hakufundishwa kusema uwongo juu ya nyumbani, na tena alikuwa ameshaapa.

"Mountain View," alisema. "Nyumba namba arobaini na moja. Yenye lango jeusi."

"Ua upo?"

"Upo, mwenyekiti. Mkubwa. Una nyasi nzuri sana. Nazikata mimi mwenyewe."

Basi, alisema Bwana Were, akionekana kufarijika, mizani imekaa sawa. Ahadi imepatikana, mwenyewe amepatikana, ua umepatikana. Kiwanja kimeguswa, na si kwa jembe moja tu, hilo halina ubishi. Jopo linaamuru kwamba kuanzia Jumamosi watoto wote wa eneo hilo wachezee uani, nyumba namba arobaini na moja, Mountain View, tangu asubuhi mpaka jua lizame, mpaka mabati yatakapoondolewa kiwanjani. Bwana Nzioka awafungulie.

Kiarie alikuwa amesimama tayari, kiti kimeanguka nyuma yake. Alisema, kwa mbio kiasi kwamba Peres aliomba arudie, kwamba Nzioka hana ua, Nzioka ana chumba cha nyuma tu, Nzioka anafyeka nyasi na kulinda lango, nyumba ile si ya Nzioka.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na mtu aliyeahidi ua huo ni huyu, aliyeapa?"

Kiarie akaanza kupiga hesabu. Kama sauti ni ya Nzioka, mfanyakazi wake aliahidi ua kutoka kwenye anwani ile, na jopo limeshaandika. Kama si ya Nzioka, basi Nzioka ameapa uwongo, na swali litakalofuata ni nani aliyemtuma. Na kama ni ya mwingine, ni ya nani basi? Watu wakasikia lifti ikifika ghorofa ya tatu na kukata tamaa. Nzioka alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, taratibu, akimtazama mwajiri wake kwa macho ya mtu anayesubiri kuambiwa kama amekosea.

"Sauti," Bwana Were akamkumbusha kwa upole, "ni ya nani?"

Kiarie akafungua kinywa. Neno lilichelewa. Lilipokuja lilikuja limelegea, zito, likijikokota kutoka chini ya ardhi, kila herufi na gunia lake.

"Ni... yaangu."

Munir alimwegemea Jamleck. "Sasa ndiyo ameingia arobaini na nne elfu," alinong'ona.

Hapo ndipo Jamleck alipoitoa CD. Ikachezwa, milio sita ikapimwa kwa saa ya kupimia ya mwenyekiti mwenyewe, sekunde tano, na Bwana Were akaitazama saa ile kama rafiki aliyerudi kutoka ughaibuni. Peres alifuta sana. Mwishowe akaandika kwamba Mzungumzaji A na Mzungumzaji B na Diwani ni mtu mmoja, aliyekuwa akisafiri kwa mwendo mbalimbali. Nzioka alionywa kuhusu viapo, akapewa mkate uliobaki. Uamuzi wa ua haukubadilika hata nukta, ila jina la mfungua lango. Aliyeahidi ndiye mwenye ua, hata kazi ya jopo ikawa rahisi zaidi.

Jumamosi Wanjugu alipanda Mountain View akiwa mbele ya watoto mia mbili na kumi, na mipira ya matambara. Kiarie alifungua lango kwa mkono ule ule. Kufikia saa tano maua yalikuwa goli la upande mmoja na gari lake lilikuwa la upande wa pili. Nzioka alisimama golini, kwa sababu alikuwa mrefu, na kila akipiga kelele ya kuomba mpira, mbwa wa majirani walijificha. Walikwenda Jumapili. Walikwenda Jumatatu, likizo ilikuwa imeanza. Siku ya tisa mabati yalianza kung'olewa kule chini, na waliokuwa wakiyang'oa walikimbia wakifanya kazi.

Munir alikuja siku ya mechi ya kwanza kiwanjani, akanunua chapati kwa Wanjugu, akaketi kwenye kibanda cha Jamleck kutazama vumbi. Alitaka kujua kama sasa mzee ameridhika.

Jamleck alikuwa amefungua daftari. Aliongeza mstari mmoja tu, Kiwanja, 2001: kimerudi, akapuliza wino ukauke, kisha akarudi kurasa nyingi nyuma, kidole kikishuka.

"Bado choo," alisema. "Tisini na mbili."